Hundi ya serikali imekuja kwa jina la mwanangu aliye gerezani. Nifanye nini?

SWALI: Salamu sana. Mimi ni mama, ninaishi Lexington, Kentucky. Mwanangu wa pili amefungwa miaka minne katika gereza la serikali kuu ya Marekani. Kabla hajakamatwa alikuwa anafanya kazi ghalani. Mwaka huu alijaza fomu ya kodi huko huko ndani akaituma kwa posta, na sasa imekuja cheki ya dola 2,314 kwa jina lake, hapa nyumbani kwangu. Kwenye simu ananiambia, "Mama, chukua hizo pesa ulipe nyumba, umnunulie na mtoto wangu nguo." Benki yangu imekataa kuipokea. Jirani anasema nisaini tu jina lake nyuma niipige picha kwa simu, itaingia. Mwingine anasema niitie kwenye barua nimpelekee mwenyewe. Halafu rafiki yangu, ambaye mume wake naye amefungwa, anasema pesa za SSI za mumewe, ule msaada wa serikali kwa wazee na wenye ulemavu, zinaendelea kuingia kila mwezi na yeye anazitumia, hajaulizwa na mtu. Nifuate la nani?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa mzigo huo. Nikuombe usifuate la yeyote kati ya hao watatu. Wa kwanza anaweza kukuingiza kwenye kesi, wa pili atakupotezea hundi, na huyo rafiki yako anajilimbikizia deni ambalo bado hajaliona. Lakini utulie: kupokea bahasha hiyo si kosa, kuihifadhi kwa ajili ya mwanao si kosa, na njia halali za kuzipata pesa hizo zipo. Wala huna haja ya kukimbizana nayo wiki hii. Hundi ya Hazina ya Marekani hudumu mwaka mmoja tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, na hata ikipitwa na muda pesa haipotei: mwenyewe huiomba upya kwa ofisi iliyoitoa, ambayo kwa hundi hii ya marejesho ya kodi ni IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Nianze na saini, maana ndilo jambo linaloumiza watu wetu. Sisi tumelelewa kwamba mali ya mtoto ambaye hayupo hutunzwa na mama yake, na mtoto mwenyewe amekwambia chukua. Kwa Hazina ya Marekani hundi ile si ya nyumba, ni ya mtu mmoja aliyetajwa jina. Kifungu cha 510 cha sheria za jinai za serikali kuu kinamhusu mtu anayeghushi saini kwenye hundi ya Hazina. Hundi isiyozidi dola 1,000 adhabu yake haizidi mwaka mmoja, ikizidi dola 1,000 inafika miaka 10. Hiyo uliyo nayo imezidi.

Ni kweli sheria hiyo inataka pawepo nia ya kudanganya, na ruhusa ya mwanao ingeweza kukutetea. Lakini utetezi huo ungeanza kuutoa baada ya kuitwa. Kabla hujafika huko, Hazina ingeidai benki, na benki ingezivuta pesa kutoka akaunti yako hata kama umeshalipa nyumba. Na kama wewe si raia bado, unaishi kwa kadi ya ukazi au kwa hadhi ya ukimbizi, hatari ni kubwa zaidi ya pesa. Hukumu ya kughushi yenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi inaingia katika orodha ya makosa mazito ya uhamiaji, yale ambayo mtu hufukuziwa nchini na hakimu wa uhamiaji akabaki na nafasi ndogo sana ya kumwonea huruma. Dola 2,314 haziifikii gharama hiyo hata kwa mbali. Kwa hiyo nyuma ya hundi pabaki peupe.

Kuipiga picha hundi kwa simu, yaani kuiweka benki kwa programu ya simu, ni kosa lile lile kwa njia ya haraka. Benki yako ilipokataa dirishani ilikuwa inakulinda bila wewe kujua.

Sasa tuje kwenye njia. Swali la kwanza la kumwuliza mwanao atakapopiga tena ni hili: je, bado ana akaunti ya benki ya jina lake, ile aliyokuwa akilipwa mshahara wa ghalani? Watu wengi hudhani akaunti ilikufa siku ya kukamatwa. Mara nyingi iko, imekaa tu na dola chache. Kama ipo, hiyo ndiyo barabara fupi kuliko zote, kwa sababu kanuni za Hazina zinairuhusu benki kuiingiza hundi kwenye akaunti ya mtu aliyetajwa kwa maelekezo yake, hata kama hajasaini nyuma kwa mkono wake. Mwanao aiandikie benki barua yenye saini yake, wewe uipeleke hundi tawini pamoja na barua hiyo. Ongea na meneja wa tawi, si kijana wa dirishani, ambaye pengine hajawahi kuliona jambo hilo. Kama akaunti ilikuwa ya kwenu wawili, ni rahisi zaidi.

Kama akaunti hakuna, njia ya pili ni kumwekea pesa kwenye akaunti yake ya gerezani. Kila mfungwa wa serikali kuu ana akaunti inayosimamiwa na idara ya magereza, Federal Bureau of Prisons, na ndiyo anayonunulia dukani mle ndani, anayolipia simu na ujumbe wa kompyuta. Hundi za Hazina, za majimbo na za serikali za mitaa zinapokelewa huko. Fedha taslimu na hundi binafsi hazipokelewi. Ila haziendi gerezani. Magereza yote ya serikali kuu, yawe Kentucky au California, hutumia sanduku moja la posta lililoko Iowa:

Federal Bureau of Prisons
(jina kamili la mwanao na namba yake ya ufungwa)
Post Office Box 474701
Des Moines, Iowa 50947-0001

Kabla ya kutuma, hakikisha anwani hiyo kwenye tovuti ya bop.gov au kwa mwanao mwenyewe, kwani kila mfungwa huelezwa anapoingia. Namba ya ufungwa ina tarakimu nane, tano kisha kistari kisha tatu. Jina na namba hiyo viandikwe kwa herufi za kuchapa kwenye bahasha na pia kwenye hundi, upande wa mbele, mahali ambapo hutafunika maandishi yaliyopo. Kwenye kona ya juu kushoto ya bahasha andika anwani yako wewe, kwa sababu wakishindwa kumtambua mfungwa, hundi hurudishwa kwa aliyetuma, na bahasha isiyo na anwani ya kurudishia haina pa kurudi. Ndani ya bahasha iwemo hundi peke yake. Barua, picha ya mjukuu, kadi ya sikukuu, vyote hivyo havitamfikia, vitatupwa. Hundi na mani oda zisizo za serikali huzuiwa siku 15 kabla ya kutumika. Za serikali haziguswi na zuio hilo.

Piga kopi ya hundi pande zote mbili, uitunze. Tumia posta ya serikali na ulipie namba ya kufuatilia. FedEx na UPS hawapeleki kwenye masanduku ya posta.

Hapo kwenye jina ndipo naomba ukae kidogo, mama, maana kwa watu wetu ndipo mambo hukwama. Mtoto wa Kikongo au wa Kitanzania aliyekuja kama mkimbizi mara nyingi ana majina matatu yaliyopangwa na karani wa kambini, yakapangwa upya uwanja wa ndege, kisha jina la katikati likageuka la ukoo kwenye kadi ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani. Akikamatwa, polisi wanaandika lililo kwenye leseni, na gereza linaandika lililo kwenye hukumu. Idara ya magereza hufuata jina la hukumu. Hundi imefuata jina la fomu ya kodi. Weka hundi mezani, fungua sehemu ya kutafuta wafungwa kwenye bop.gov, ulinganishe herufi kwa herufi. Yakilingana, tuma. Yakitofautiana kwa mpangilio au herufi mbili tatu, usitume kwanza. Mwanao amwone afisa anayesimamia kesi yake, amweleze kwamba hundi ya Hazina yenye jina lililoandikwa hivi inatarajiwa, na ni yake. Andika namba ya ufungwa kwa uwazi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu wafungwa wawili wanaweza kushea jina lakini namba hawashei.

Najua utasema: lakini yeye hataki hizo pesa, anataka nilipe nyumba. Pesa ikishaingia kwenye akaunti yake anaweza kuirudisha kwako kihalali. Ipo fomu ya kutoa fedha, BP-199, ambayo mfungwa huijaza na kuomba kiasi fulani kitumwe kwa mtu wa nje, na serikali inakutumia hundi kwa jina lako. Lazima apitie kwa maafisa, na wanaweza kumwuliza pesa ni za nini. Aseme ukweli, ni za matunzo ya mtoto wake na kodi ya nyumba. Ni mzunguko mrefu, kutoka kwako hadi Iowa, hadi kwenye akaunti yake, hadi kwako tena, lakini kila hatua ina karatasi inayokulinda.

Njia ya tatu inaukata mzunguko huo: hati ya uwakili. Kanuni za Hazina zinakubali hundi isainiwe na mtu mwingine kwa niaba ya mwenyewe iwapo kuna hati mahususi. Hati hiyo iwe imeandikwa baada ya hundi kutolewa, si kabla, na iitaje hundi yenyewe: namba zake, tarehe, kiasi, jina la mlipwaji, na jina lako wewe kama mwakilishi. Saini ya mwanao ithibitishwe na mtu mwenye mamlaka. Huhitaji kumtafutia wakili aende gerezani, kwani sheria inawaruhusu baadhi ya maafisa wa magereza ya serikali kuu kuthibitisha saini za wafungwa, na kwa kawaida msimamizi wa kesi yake ni mmoja wao. Hati ikija, utasaini jina lako mwenyewe, na chini uandike kwamba unasaini kama mwakilishi wa mwanao kwa hati ya uwakili. Bado benki inaweza kusita. Piga simu kwanza uulize benki yako inataka hati ya aina gani, uepuke kumsumbua kijana mara mbili.

Tahadhari moja kuhusu uwakili: watu huichanganya hati hii na fomu 2848 ya IRS. Ile 2848 inampa mhasibu au wakili ruhusa ya kuongea na IRS juu ya kodi za mtu. Haimpi ruhusa ya kusaini wala kuvunja hundi ya marejesho, na mtayarishaji wa kodi anayekwambia inampa, muondokee.

Basi, ipi kati ya hizo? Hapa ndipo mnahitaji kuongea ukweli wewe na mwanao, kwa sababu jibu linategemea kile anachodaiwa. Chukua nakala ya hukumu yake. Angalia kama jaji aliamuru faini au fidia kwa waathirika. Kama hakuna, chagueni iliyo rahisi. Kama ipo, mjue haya kabla pesa haijasogea.

Gerezani kuna mpango wa kulipa madeni ya mahakama. Kiwango cha chini kwa kawaida ni dola 25 kila robo mwaka, lakini maafisa huangalia fedha zilizoingia kwenye akaunti katika miezi sita iliyopita, wakaacha dola 75 za kila mwezi kwa ajili ya simu, kisha wanapanga upya kiasi anachopaswa kulipa. Dola 2,314 zikiingia kwa mkupuo zitaonekana. Akikataa mpango huo anapoteza mambo mengi, pamoja na nafasi nzuri ya kwenda nyumba ya mpito karibu na kutoka. Zaidi ya hapo, sheria inasema mfungwa anayepata mali kubwa akiwa ndani, kama urithi au fidia ya kesi, lazima aielekeze kwenye faini au fidia anayodaiwa, na mwendesha mashtaka anaweza kuiomba mahakama ichukue fedha zilizo kwenye akaunti. Kama amefungua kesi ya madai akiwa ndani na bado anadaiwa ada ya mahakama, asilimia 20 ya kila kinachoingia kwa mwezi hukatwa pia.

Nisikilize vizuri katika hili. Hati ya uwakili isitumike kuficha pesa. Mtu mwenye deni la fidia ana wajibu wa kuijulisha mahakama hali yake ya fedha inapobadilika kwa kiasi cha maana, na kuipitisha pesa kwa mama ili isionekane kunaweza kumharibia yeye na wewe. Kama deni lipo, ninashauri apeleke sehemu kwenye deni kwa hiari, aandike barua kwa msimamizi wa kesi akieleza sehemu iliyobaki ni ya mtoto, kisha atumie fomu ya kutoa fedha. Maafisa huielewa zaidi barua iliyotangulia kuliko maelezo yaliyochelewa.

Kuhusu matunzo ya mtoto wake: kama kulikuwa na amri ya matunzo yenye malimbikizo yaliyosajiliwa, Hazina ingekata hapo hapo kabla ya kuchapa hundi na kumtumia barua ya maelezo. Linganisha kiasi cha hundi na kiasi kilicho kwenye nakala ya fomu ya kodi. Vikiwa sawa, hakuna kilichokatwa.

Hayo yote ni ya gereza la serikali kuu. Kwa wengine wanaosoma hapa na ndugu zao wako magereza ya majimbo au jela za kaunti, msikopi anwani ya Iowa. Kila jimbo lina utaratibu wake. Kampuni nyingi zinazopokea pesa za wafungwa wa majimbo zinataka mani oda au kadi ya benki, hazigusi hundi yenye jina la mfungwa. Hundi hiyo inakwenda kwa ofisi ya fedha za wafungwa, tena kwa maelekezo yao. Piga simu gerezani uulize ofisi hiyo. Mfano mzuri wa kwa nini usiitie hundi kwenye barua ni Pennsylvania: tangu 2018 barua za familia hazifiki gerezani kabisa, zinakwenda St. Petersburg, Florida, kwa kampuni inayozipiga picha, na karatasi zenyewe huharibiwa baadaye. Hundi iliyofungwa ndani ya barua ya mapenzi ya mama inaishia mikononi mwa watu wasio na uwezo wa kuifanyia chochote. Jimbo hilo hilo, kwa sheria ya 2019, hukata angalau asilimia 25 ya fedha zinazoingia kwa mfungwa mwenye deni la mahakama.

Sasa rafiki yako. Huyu ananitia wasiwasi kuliko wewe. Marejesho ya kodi ni pesa ambayo mwanao alishaifanyia kazi, ikakatwa kwenye mshahara zaidi ya ilivyopaswa, ndiyo maana kifungo hakimwondolei. SSI si hivyo. Ni msaada kwa mzee au mwenye ulemavu mwenye kipato kidogo, na sheria inausimamisha kwa kila mwezi kamili anaoutumia gerezani, kwa kuwa gereza linamlisha na kumlaza. Akikaa miezi 12 mfululizo ndani, faili linafungwa kabisa na itabidi aombe upya. Malipo ya ulemavu au ya uzeeni ya Social Security nayo husimamishwa mtu akishahukumiwa na kukaa ndani zaidi ya siku 30 mfululizo. Ila, na hili wengi hawalijui, mke na watoto wanaolipwa kupitia rekodi yake ya kazi wanaendelea kulipwa sehemu yao mradi wana sifa. Wasikatae haki hiyo kwa hofu.

Hajaulizwa na mtu, ndiyo. Bado. Social Security hulipa magereza na jela motisha ya hadi dola 400 kwa kila taarifa ya mfungwa inayoletwa ndani ya siku 30, na hadi 200 ikiletwa kati ya siku ya 31 na ya 90. Kwa hiyo jina la mumewe litafika, kama halijafika. Kila dola iliyotumika itageuka deni, na mume akitoka atakuta sehemu ya SSI yake mpya inakatwa kulipia miezi hiyo. Mwambie aende ofisi ya Social Security aliyo karibu nayo, atoe taarifa ya tarehe ya kufungwa, na asiguse kinachoingia tena. Akitaka mkalimani wa Kiswahili aombe, ni bure. Aende mwenyewe kabla ya barua kumfuata. Mtu anayejitokeza hupata nafasi ya kuomba alipe kidogo kidogo. Na miezi michache kabla ya mumewe kutoka, maafisa wa gereza wanaweza kusaidia maombi mapya yaanze mapema.

Kwa familia zenye mwanajeshi mstaafu: fidia ya ulemavu ya VA, idara ya wanajeshi wastaafu, hupunguzwa kuanzia siku ya 61 ya kifungo cha kosa kubwa. Aliyekuwa na kiwango cha asilimia 20 au zaidi hubaki akilipwa kama mwenye asilimia 10. Kile kilichopunguzwa kinaweza kugawiwa mke, watoto au wazazi wanaomtegemea, lakini ni kwa kuomba. VA haitakuja kukutafuta.

Kuna watu watakaokwambia ukabidhi hundi serikalini kwa kuwa "mfungwa hana haki ya pesa za serikali". Usikubali. Neno hilo lilienea sana 2020. Sheria ya Machi mwaka ule iliwapa watu dola 1,200 za msaada wa korona bila kuwatenga wafungwa, kisha Mei IRS ikatangaza kwamba walio gerezani hawastahili, na familia nyingi zikarudisha hundi. Septemba mwaka huo huo Jaji Phyllis Hamilton wa mahakama ya serikali kuu ya Kaskazini mwa California aliizuia IRS kuwanyima kwa sababu tu ya kifungo. Waliokuwa wamerudisha ikabidi waanze kuomba upya, na dirisha la kudai msaada huo limeshafungwa. Hundi inayotakiwa kurudishwa ni ile ambayo ofisi iliyoitoa imekuandikia barua kwamba ilitoka kimakosa, au ile ya msaada ambao sheria yake inasema wazi husimama kwa mfungwa. Marejesho ya kodi hayamo katika makundi hayo.

Mwisho niseme kuhusu mwaka kesho, maana mambo yanabadilika. Amri ya rais Na. 14247 ya Machi 2025 iliagiza serikali kuu iache hundi za karatasi kuanzia mwisho wa Septemba 2025, na marejesho ya kodi yamo. Wasio na uwezo wa kupata benki wameachiwa nafasi ya kipekee, lakini wanaweza kusubiri zaidi. Akaunti ya gerezani si akaunti ya benki ambayo IRS inaweza kuingizia pesa. Na marejesho yake hayawezi kuelekezwa kwenye akaunti yako wewe: IRS inataka akaunti yenye jina la mlipa kodi mwenyewe, au la mke wake kama wamejaza pamoja. Kwa hiyo ile akaunti yake ya zamani, kama iko hai, msiiache ife. Ulizeni masharti ya kuidumisha, hata ikibidi kubaki na dola chache ndani. Kama anasubiri kukabidhiwa uhamiaji baada ya kifungo, akaunti hiyo ni ya muhimu zaidi, kwani kuvunja hundi ya Hazina ya Marekani ukiwa Goma au Dar es Salaam ni safari ndefu.

Akihamishwa gereza au ukihama wewe, atume fomu 8822 ya kubadilisha anwani kwa IRS. Na akijaza kodi tena, vijisenti anavyolipwa kwa kazi za gerezani visihesabiwe kama kipato cha kumpatia ule mkopo wa kodi wa watu wa kipato cha chini, EITC. Sheria imevitoa, na fomu yenye kosa hilo husimamishwa kwa miezi.

Leo fanya mambo mawili tu: piga kopi ya hundi, na mwandikie mwanao barua ya kawaida yenye maswali haya, akaunti ya benki, jina lake kwenye hukumu, na kama anadaiwa fidia. Kwenye simu za gerezani dakika ni chache, na karatasi ataijibu kwa utulivu.